Chupa ya Mwisho ya Matungulu

Ngalula mwanangu,

Mama yako amekupeleka sokoni Manika kununua sanduku, na najua mtachelewa, maana atakataa kila sanduku atakaloonyeshwa mwanzoni. Nimefunga mlango wa farmasi, nimekaa kwenye kiti cha wagonjwa, ninakuandikia juu ya goti. Kesho unapanda basi kwenda Lubumbashi. Habari za kutokula ovyo njiani pale Fungurume, za kanisa gani uende na shangazi gani umpigie simu ukifika, mama yako amekwisha kukwambia mara tatu, na atakwambia tena kesho basi likiwa limeshawashwa. Mimi siongezi hapo.

Ninachotaka kukuandikia kinanuka. Nimejaribu kukisema kwa mdomo tangu mvua zilipokatika, na kila nilipofungua kinywa nilisikia ladha yake, nikameza. Soma taratibu. Ukisikia kichefuchefu, ujue hata mimi ninaandika nikiwa nacho.

Unajua nilikoanzia. Babu yako aliletwa huku kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, akanisomesha uuguzi ili nisishuke shimoni kama yeye. Katika hospitali ya kampuni nilijifunza kazi kwa usafi ambao sijauona tena popote. Mgonjwa akipewa antibiotiki, alipewa zote, siku zote, na muuguzi alisimama mbele yake mpaka ameze. Kisha kampuni ikayumba, mishahara ikakoma, na mimi nikafungua kibanda hiki kwenye barabara ya kwenda Mutoshi. Tangu siku ya kwanza watu waliniita docta. Sikumkataza hata mmoja.

Hapo ndipo uchafu wangu ulipoanza, zamani sana kabla ya matungulu. Mtu anaingia na kikohozi, anataka vidonge viwili vya amoksi. Nampa viwili. Mwingine mkojo unamchoma, anataka vinne vya sipro, vya leo tu, kesho ataona. Nampa vinne. Mama mmoja alikuwa akifungua kapsuli na kumwaga unga wake juu ya kidonda cha mtoto, na upepo ulikuwa unampotezea nusu. Unajua nilifanya nini? Nilimwonyesha jinsi ya kuifungua vizuri ili unga usipotee. Nilijiona nina huruma. Mtaa mzima ukajifunza kutoka kwangu, na leo ukipita nyumba kwa nyumba utakuta unga wa kapsuli juu ya majipu, juu ya vitovu vya watoto wachanga, juu ya meno yaliyooza.

Wewe ndiye uliyenieleza mezani, ukiwa mwaka wa kwanza wa masomo ya maabara, kwamba dozi nusu inaua wadudu wa ugonjwa walio wanyonge na kuwaachia wale wagumu nyumba nzima wazaane. Ulinieleza kwa upole, kama mtu asiyejua kwamba anamweleza mwenye kosa. Niliitikia kwa kichwa, nikaendelea kula. Asubuhi yake niliuza vidonge viwili viwili kama kawaida.

Sasa nifike kwenye matungulu.

Yale matunda mekundu yanayochipuka chini kabisa, karibu na udongo, yenye nyama chachu na mbegu nyeusi zinazowasha ulimi, umeyala tangu ulipoota meno. Bibi yako wa Tenke alikuwa akiyatafuna na kumpaka mtu penye kidonda. Ulipotafuta jambo la kuandikia kazi yako ya mwisho wa masomo, uliyachagua hayo, na mwalimu wako akakubali. Ulikwenda Tenke na mfuko, ukarudi na matope mpaka magotini. Uliyakausha maganda na mbegu, ukasaga, ukaloweka kwenye spiriti, ukachuja, ukaikausha spiriti mpaka ikabaki kitu cheusi kinachonata. Miezi mizima. Nilikuwa nakuona ukirudi jioni na vidole vya rangi ya damu iliyokauka, nikawa nacheka na mama yako kwamba tumezaa mpishi.

Kisha siku ile ukaingia hapa mbio, hukusalimia hata wateja, ukaniwekea simu mbele ya uso. Kulikuwa na picha ya sahani ndogo ya kioo, na juu yake ukungu mweupe kama pumzi juu ya kioo cha dirisha.

"Papa, ona. Aba ni badudu ba mu kidonda, ba kule ku hospitali. Amoksi haibaue. Sipro haibaue. Sasa ona hapa, penye niliweka matungulu."

Penye matungulu palikuwa na duara safi. Wadudu walikuwa wamekuja mpaka ukingoni, wakakoma, kama kuna mtu amechora mstari.

"Kwa hiyo ni dawa," nilisema.

"Hapana, Papa. Ni mu sahani tu. Mu sahani, hata javeli ya kufulia nguo inabaua. Utakunywa javeli?"

Nilicheka. Ukaendelea kunieleza kwamba hamjui kama kitu kile kinadhuru hata mwili wa mtu, hamjui kiasi, hamjui kinafika wapi mtu akikinywa, na kwamba kazi ya miaka mingi ndiyo kwanza inaanza. Nilikuwa nakuangalia mdomo ukisema "hatujui, hatujui", na mimi kichwani nilikuwa nimeshalisikia neno moja tu, lile nililolisema mwenyewe: dawa. Uliponiomba nikurudishie simu, nilikuwa nimekwisha kujitumia ile picha.

Usidhani nitajitetea hapa. Nimeshajaribu, na maneno ya kujitetea yananichukiza kuliko kosa lenyewe. Vidonge vyangu vilikuwa vimeacha kufanya kazi. Watu walikuwa wanarudi na vidonda vilevile, wananiangalia. Nilitaka kitu kipya cha kuweka juu ya rafu.

Nilinunua matungulu kwa wale mama wanaoyaleta kutoka Tenke na makapu kichwani. Niliyaponda nyuma ya kibanda, maganda, nyama, mbegu, kila kitu, nikaloweka kwenye maji ya kisima, ndani ya ile ndoo ya buluu tunayofulia. Spiriti sikuweka, ni ghali. Niliweka sukari ili watu wasilalamikie uchachu. Siku ya tatu yalikuwa yanatoa mapovu, nikasema moyoni: dawa inachemka yenyewe, ina nguvu. Mimi, muuguzi! Chupa nilizitafuta nyuma ya mabaa, chupa za maji zilizotupwa, na nyingine zilikuwa na vipande vya sigara ndani. Nilizisuuza. Sikuzichemsha kwa sababu plastiki inajikunja. Juu ya kila moja nilibandika picha ya duara lako, iliyochapwa Manika, na chini yake maneno: Imepimwa laboratwari.

Kazi yako ya miezi, mwanangu, niliibandika kwenye chupa ya takataka. Na mlipouliza mama yako na wewe habari za ile ndoo, niliwaambia natengeneza juisi.

Kazadi alikuwa mteja wangu kabla ya chupa. Wewe unamjua kwa jina tu, kwa hiyo nikueleze ni mtu gani. Ni kijana wa kutoka Mwene-Ditu, mwembamba, mwenye sauti ya chini kana kwamba anaogopa kumwamsha mtu. Alikuja Mutoshi kuchimba kama wenzake wote, yeye na mke wake Odia na mtoto mmoja mchanga. Jiwe lilimpasua mguu, mbele ya mfupa, chini ya goti. Alipokuja kwangu mara ya kwanza kilikuwa kidonda cha kuosha, kufunga, na kumeza dawa siku zote zinazotakiwa. Nilimuuzia kidogo kidogo. Vinne vya amoksi. Juma lililofuata, vinne vya sipro. Kisha vile vya rangi ya samawati ambavyo hata mimi sikuwa na uhakika navyo. Kila vilipoisha, kidonda kilikuwa kipana zaidi, na mimi nilikuwa na kitu kingine cha kumuuzia.

Siku alipokuja akiwa amemshika Odia bega, harufu ilimtangulia. Wateja walitoka wenyewe. Nilifungua kitambaa alichofungia kidonda, kilikuwa kipande cha kitenge kilichokauka na kuwa kigumu kama ngozi, kikatoka na kitu ambacho sitakiandika. Chini yake palikuwa pa kijani. Nzi walikuwa wameingia naye na hawakutaka kutoka.

"Docta," aliniambia, "benzangu banasema niende ku hospitali. Mi naogopa. Kule bakiona muguu ya vile, banakata."

Nilijua. Hata mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza angejua kwamba mtu yule alipaswa kufika hospitalini saa ileile, hata kwa kubebwa mgongoni. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa ameniita docta, na alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri kuambiwa asiogope. Nikachukua chupa kwenye rafu.

"Osha nayo asubuhi na jioni. Na ukunywe kikombe kimoja kila siku."

Aliigeuza, akaitazama ile picha kwa muda.

"Hii ni nini? Ni mwezi?"

"Ni laboratwari," nilimjibu. "Mutoto wangu njo alipima."

Akaibeba kwa mikono miwili.

Wewe uliikuta chupa siku ulipokuja kuchukua ufunguo wa nyumba. Nilikuwa nje naongea na mtu. Nilipoingia ulikuwa umesimama mbele ya rafu, hujasema kitu. Ulichukua chupa moja, ukaitia kwenye mkoba, ukaondoka. Siku tatu hukuniamkia vizuri. Siku ya nne ulikuja na katoni ndogo, ukaniita nyuma ya kibanda, ukatoa sahani zako na kuzipanga juu ya jiwe la kufulia. Zilikuwa zimefungwa kwa karatasi ya gundi pande zote. Hukuzifungua. Harufu ilipita hivyohivyo.

Ninaziona hata sasa. Sahani ya kwanza ilikuwa na kamasi ya kijivu imeenea mpaka ukingoni, inang'aa. Ya pili ilikuwa na visiwa vya kijani vyenye manyoya, na katikati yake vitu vya manjano, vinene, kama nta ya sikioni. Ya tatu ilikuwa inafanana na ya kwanza. Hakuna duara hata moja.

"Ni nini hii?" niliuliza.

"Ni chupa yako, Papa."

"Labda sahani zilichafuka kwenu."

"Nilifanya mara tatu. Ndiyo maana ziko tatu." Hukupandisha sauti, na hilo liliniuma zaidi. "Ulibafuga badudu na sukari. Kisha unabaweka mu kidonda ya mutu. Unabanywesha mutu. Na picha ya kazi yangu juu yake."

Uliinama kwenye bomba la kisima, ukanawa mikono mpaka viwiko, taratibu, kati ya kila kidole, kama nilivyokufundisha mimi mwenyewe ulipokuwa mdogo. Ukasema: "Leo, Papa. Zote. Leo." Nikakuahidi kuzimwaga. Ukaamini, ukaondoka na katoni yako.

Mpaka hapo unajua karibu yote. Kinachofuata hukijui.

Jioni ile nilizitoa chupa zote kwenye rafu, nikazitia kwenye gunia chini ya meza, ili asubuhi nizimwage chooni. Asubuhi, kabla sijafanya hivyo, watu walikuwa mlangoni. Wa kwanza kuingia alikuwa Odia, mtoto mgongoni. Nyuma yake kulikuwa na mteja mwingine, na nyuma ya huyo alisimama shemasi wetu, ambaye Jumamosi alikuwa amechukua chupa ya matungulu kwa ajili ya tumbo lake.

"Papa docta," Odia alisema, "ile ya matungulu imeisha. Anasema inamupoza. Anasema bila ile halale."

Harufu ya sahani zako ilikuwa bado puani mwangu. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nataka uelewe hilo kuliko yote ninayoandika: sikuwa na shaka. Ningeweza kusema, mama, ile imeharibika, mpeleke mume wako hospitali leo. Lakini shemasi alikuwa anasikiliza. Kama ya leo ni uchafu, na ya Jumamosi ilikuwa nini? Nikainama chini ya meza. Nikatoa chupa kwenye gunia. Ilikuwa na matone ya utelezi nje, maana haikufungwa vizuri, nikaipangusa kwa mkono wa koti langu jeupe, vizuri, mpaka ikang'aa. Nikampa. Alinishukuru, akapiga goti kidogo.

Alipotoka, shemasi akasogea. "Na mi, docta, nipe moja."

"Imeisha, Tata," nilimwambia. "Sitengenezi tena."

Umeona? Neno la kukataa nilikuwa nalo. Nililitumia dakika ileile, kwa sauti ya kawaida. Nilimkinga shemasi, ambaye angeweza kuniuliza maswali mbele ya kanisa, nikampa uchafu mke wa mchimbaji. Nimelifikiria jambo hili kila upande, na kila upande linanuka vilevile.

Zilizobaki nilizimwaga chooni. Nzi walikaa pale juma zima.

Baada ya siku chache Kazadi alipelekwa hospitalini na rafiki zake, juu ya pikipiki, katikati ya watu wawili, akiweweseka kwa homa. Madaktari wakamkata mguu juu ya goti. Mama yako ndiye aliyeleta habari kutoka kanisani, kwamba kuna mchimbaji wa Mutoshi, Kazadi, amekatwa mguu. Uliweka kijiko chini, ukaniangalia.

"Alikunywa ile?"

"Alikunywa," nilisema. "Zamani. Kabla hujanionyesha."

Ukasema: "Basi hukujua, Papa."

Ukainuka, ukanishika bega ukipita. Tangu siku ile umekuwa ukinisalimia vizuri. Msamaha ule niliupokea kwa ulaghai, na kila asubuhi uliponiletea chai nilikuwa nakunywa kitu nilichoiba. Daktari mmoja wa pale hospitalini aliniambia wadudu waliokuwa mguuni mwa Kazadi wanakataa karibu kila dawa iliyopo hapa mjini, na huenda mguu ungekatwa hata bila chupa zangu. Hilo "huenda" nililishikilia kwa majuma. Nililala nalo. Kisha nikakumbuka ni nani aliyewafundisha wadudu wale kukataa dawa, vinne leo na vinne juma lijalo, na hata "huenda" ikaanza kunuka.

Jumapili iliyopita, mlipobaki kanisani kwa ajili ya kwaya kukuaga, mimi nilikwenda Mutoshi. Wanaishi chumba kimoja, mabati juu, turubai upande. Kazadi alikuwa ameketi kwenye godoro, kile kipande cha mguu kimefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa na doa. Bado kinatoa maji. Odia alikuwa anafua mlangoni. Niliwaambia wote wawili, nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuna aliyenikaribisha kuketi na sikustahili.

"Ile chupa ya mwisho, Mama Odia. Siku moja kabla yake nilikuwa nimeshaona badudu ndani yake. Nilibaona kwa macho yangu. Nilikupa hivyohivyo."

Odia alikomea hapo, mikono ndani ya povu.

"Siku ile ulipangusa chupa," alisema. "Na koti yako. Mi niliona, nikasema mu roho: huyu papa ni musafi."

Akageuza uso, akatema mate. Yaliangukia karibu na kiatu changu. Sikusogeza mguu.

Kazadi alinitazama kutoka kwenye godoro.

"Ilikuwa inanuka," alisema. "Tangu chupa ya kwanza. Mi najua harufu ya kitu yenye kuoza, nilikuwa nayo ku muguu. Lakini wewe njo docta. Nikasema labda pua yangu njo inadanganya."

Nilimwambia nitakuja kila siku kumfunga kidonda. Odia akajibu kabla yake: "Usimuguse." Akaingia ndani na kusimama kati yetu. Nikasema sawa.

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka Kazadi aliponiita. Hakuniita docta. Aliniita Tata, kama anavyoitwa mzee yeyote.

"Ule mutoto wa ile picha, ni mutoto wako wa kweli? Ao na ile ulidanganya?"

"Ni wa kweli. Anaenda Lubumbashi kuendelea kusoma mambo hayohayo. Yeye aliniambia matungulu si dawa. Mimi ndiye sikumsikia."

Akakitazama kile kitambaa chenye doa kwa uso wa mtu anayetazama kitu kilichokufa ndani ya nyumba yake.

"Ku hospitali banasema badudu bangu banakataa dawa yote. Bamebachunga kule, mu sahani. Mwambie mutoto wako abakamate. Ni bangu, mi namupa. Abajaribu na matungulu, na masuku, na kila kitu ya mu pori. Abatese. Lakini asinitumie chupa. Aniambie tu ya kweli. Kama haiwezi, aniambie haiwezi."

Ndiyo ujumbe niliopewa, nimeufikisha.

Sina mashauri mengi ya kukupa, maana nani atashika mashauri yaliyotoka kwenye ndoo ile? Ninajua machache tu ambayo yalinigharimu, au tuseme yalimgharimu mtu mwingine, na mimi nikabaki na miguu yangu miwili. Matungulu hayana kosa. Usiyachukie kwa ajili yangu. Bibi yako hakuwa mjinga, na duara lako lilikuwa la kweli. Endelea kuliuliza maswali. Lakini watakuja watu watakaokudai jibu likiwa bado la moto, na hawatakuwa na sura mbaya. Watakuwa na uso kama wangu, watacheka, watasema wanajivunia wewe. Mmoja atakuwa mtu unayempenda. Wakati huo lile neno ulilokuwa ukinirudia hapa, "hatujui", liseme tena, na liseme kwa sauti kubwa kuliko ulivyoniambia mimi. Mimi nilihitaji kupigiwa kelele, nawe ulisema nami kwa heshima.

Na siku utakapopata kitu ambacho wadudu wale wanakiogopa kweli, ndani ya sahani na nje ya sahani, nakuomba usiniambie mimi kwanza.

Hapa farmasi siuzi tena vidonge viwili viwili. Mtu akitaka viwili ninamwambia hapana na kumweleza sababu, naye anavuka barabara kwenda kwa jirani, ambaye anampa. Kwa hiyo hakuna kilichobadilika mtaani ila kibanda changu kimekuwa kimya. Usinisifu. Shemasi nimeshamweleza na yeye, Alhamisi. Alikunja uso, akashika tumbo lake, akaondoka bila kuaga. Mama yako atajua leo, mkirudi na sanduku, kabla sijakupa barua hii. Nilitaka kumficha mpaka utakapoondoka, kisha nikaona ni ujanja uleule.

Umenisamehe kwa jambo ambalo sikulifanya. Nakurudishia msamaha ule, mwanangu, si wangu. Kwa hili nililolifanya, fanya utakavyoona, leo, au mwakani, au usifanye kabisa. Sitakuuliza.

Kesho kituoni utamwona kijana mwembamba mwenye magongo. Ni Kazadi. Nilipokuwa natoka Jumapili aliuliza siku ya safari, akasema anataka kukuambia mwenyewe habari ya wadudu wake, kwa sababu haamini kwamba mimi nitakuambia yote. Nenda kwake kabla hujaja kwangu, na umsikilize mpaka amalize, hata kama dereva anapiga honi.

Baba yako,
Mulumba